Mukashyaka Donatille na Tomate Yake ya Mikunjo

Mukashyaka Donatille alizaliwa Rugari, Rutshuru, tarehe 3 mwezi wa sita 1950. Wazazi wake walilima tomate, ni kusema nyanya, naye alilima.

Masomo yalikuwa mwaka mumoja na nusu. Mwalimu alimurudisha nyumbani anawe mikono. Alikuwa amenawa. Ni rangi ya majani ya tomate, haitoke mbio. Hakurudi tena.

Tarehe 15 mwezi wa nane 1970 aliolewa na Sebahire, njo miye mwenye kuandika haya. Tulikuja kukaa Goma, Katoyi. Ku kona ya kitambaa chake alifunga mbegu ya tomate ya kwao, ile ya mikunjo, ngozi nyembamba, nyekundu mpaka ndani.

Alilima kule Lac Vert, akauzisha ku soko ya Ndosho. Wengine waliuzisha tomate ya Roma, ngumu, yenye kuvumilia gari wiki nzima. Alisema: «Roma ni ya safari. Hii ni ya sufuria.» Siku moja Wivine, muuguzi wa lishe, alimwambia: «Mama, vitamine iko mu zote. Ila ile inaivia ku muti inashinda ile inaivia mu mufuko.» Donatille akajibu: «Basi yangu imeshinda. Ikiwekwa mu mufuko inageuka supu.» Wamama walicheka, wakanunua. Aliwafundisha kuipika na mafuta ya mawese, ili mwili wa mutoto upate ile wekundu yote.

Volkano iliposhuka, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, miye nilibeba matela ya kulalia. Yeye alibeba tomate sita mu sufuria. Tulifika Sake, tatu zilikuwa bado nzima.

Mwezi wa kumi na moja 2012, vita iliingia muji. Alikimbia Gisenyi na wajukuu, miye nikabaki kulinda nyumba. Shamba lilikanyagwa lote. Mbegu yake yote ilibaki mu tomate ine, ku dirisha, zikingoja kuoza kidogo atoe mbegu. Siku ya tatu njaa ilinishinda.

Aliporudi aliangalia dirisha.
«Sebahire, tomate iko wapi?»
«Nilikula.»
«Zote?»
«Na chumvi.»
Alikaa chini. Kiisha akauliza: «Na kujisaidia, ulienda wapi?»
«Donatille!»
«Muzee, ninauliza wapi!»
Choo ilikuwa ngambo ya kiwanja, na masasi za bunduki zilikuwa zinapita. Nilienda nyuma ya migomba. Akazungusha mawe pale, akakataza watu kufagia. Kiisha wiki mbili, tomate ziliota. Aliniambia nisimwambie mutu hata mumoja. Nimenyamaza miaka kumi na moja. Wamama wa Ndosho, mutusamehe. Mulisema ile ya mwaka ule ilikuwa tamu kupita zote.

Mwezi wa kumi 2023 tumbo lilianza kumuuma. Ilikuwa kansere. Vita ikafunga njia ya Sake, ile ya kuenda Lac Vert, shamba likakosa mutu. Alibaki na mbegu kidogo mu karatasi. Kila siku alimuuliza binti yetu Uwimbabazi, mwenye kuuzisha Roma: «Utaipanda?» Uwimbabazi alisema: «Mama, hii yako inafia njiani.» Hiyo njo ilimuuma kupita tumbo.

Tarehe 4 mwezi wa ine, Uwimbabazi aliingia na boite, kopo ya maziwa, ndani miche ya ile mbegu imeota. Aliiweka karibu na kitanda. Donatille alishika jani, akanusa vidole. Akasema: «Umezisonganisha. Zitengane.» Uwimbabazi akaanza kuzitenga palepale, analia.

Alituacha tarehe 9 mwezi wa ine 2024, saa ine ya asubuhi, nyumbani.

Ameacha bwana yake Sebahire, watoto Janvier, Uwimbabazi na Bibiche, wajukuu kumi na mumoja, na dada yake Uwitonze. Miche iko Ndosho kwa Uwimbabazi. Mwenye kuitaka aende, atapewa.

Mungu akupokee, mama Janvier. Lala na amani. Kumwangilia miche maji, nitamwangilia miye.