Mwizi wa Sauti ya Mzee Sulle

Benchi lililo mbele ya steshenari ya Margwe, pale Dongobesh, ni ubao tu uliong'olewa kwenye lori bovu, lakini wanaolikalia hawajawahi kushindwa kujibu swali, hata lisilowahusu. Asubuhi ile ya ukungu walikuwa wameligeuzia soko mgongo, macho yote dirishani. Ndani, kompyuta ilikuwa inatiririsha herufi za kijani yenyewe, na katikati yakawaka maneno mekundu ya Kiingereza. Onesphory, fundi redio wanayemwita Injinia, aliyatafsiri kwa sauti ya msibani: mafaili yote yanaibiwa. Margwe hakujali barua za watu wala picha za harusi. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu baba yake, Mzee Sulle, akisema slufay, ile sala ya baraka ya Kiiraqw ambayo mzee huongoza na watu huitikia. Aliirekodi mara moja tu, hakuweka nakala, na mzee akafariki kabla ya mavuno. Sasa alipiga kelele, kikombe cha kahawa mkononi:

— Zima, Injinia! Zima!

— Ukizima ghafla anaondoka na vyote kwa mkupuo, alisema Injinia, ambaye kompyuta ile alishawahi kuipangusa vumbi tu. Huyu mdukuzi yuko Urusi. Anachota kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mrusi anamtakia nini Mzee Sulle? aliuliza Kornelia, muuza kahawa, akimimina kikombe kingine.

— Mvua, akadakia Hhando, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Kule kwao maji yote yameganda. Wakiicheza ile sala, mawingu ya Mlima Hanang yanageuza njia.

— Mrusi hajui Kiiraqw, wewe!

— Mvua inajua.

Kornelia aliangalia juu. Ukungu ulikuwa umeanza kuondoka, na hilo halikumsaidia mtu.

— Kwa hiyo wenzetu wa Balangdalalu, kule chini ya mlima, watakosa mahindi?

— Mahindi ni madogo. Mzee alibariki na ng'ombe humo. Zizi litakalojaa ni la huko Urusi. Si wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai?

— Walisema hivyo kwa mambo mengine, Redio.

— Wahenga hawakuchagua mambo!

Margwe hakuwasikia vizuri. Tangu mazishi hakuwa amethubutu kuifungua ile sauti. Kila siku alijiambia kesho. Sasa kesho yenyewe ilikuwa inaibiwa mbele ya macho yake, na yeye ameshika kikombe.

— Asilimia tisini, alisoma Injinia. Pole, ndugu yangu.

Ndipo akatokea Natalia, mwalimu kutoka Masieda, ameshika cheti cha ubatizo cha kupiga kopi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Redio. Subiri kidogo, tunaibiwa.

Natalia aliinamia dirisha, akatazama zile herufi.

— Huyo mwizi anaingilia wapi? Modemu iko wapi?

Injinia alimtazama Redio, Redio akakitazama kikombe chake. Margwe alijipapasa, akatoa modemu kwenye mfuko wa koti. Aliichomoa jana yake ili Injinia asimmalizie bando.

Natalia akacheka mpaka akashika ukuta.

— Huu ni mchezo tu wa kutishia watu, baba. Wanafunzi wangu waliniwekea, nikaenda mbio kumwita mkuu wa shule.

Akaingia, akabonyeza kitufe kimoja cha pembeni. Herufi zikatoweka. Mafaili yalikuwepo yote, yametulia.

— Sasa huo mchezo umeingiaje humu? Kornelia akauliza.

Injinia akakohoa.

— Labda ile flashi yangu ya nyimbo za kwaya.

Walimtukana kwa furaha, kila mtu kwa zamu. Margwe aliweka kikombe chini. Hakutaka tena kusubiri kesho. Akasogea kwenye kompyuta, akalifungua lile faili. Ikasikika mikwaruzo, kikohozi, kisha sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe:

— Margwe! Hiki kidude chako kimewaka, au naongea na ukuta?

Benchi zima likaangua kicheko. Margwe naye alicheka, machozi yakimshuka bila aibu.

— Kimewaka, baba, akasema.

Kisha slufay ikaanza, na wote wakavua kofia, wakaitikia.