Gauni la Mwanasesere

"Elfu arobaini, gauni la mwanasesere?" bibi mmoja alimuuliza fundi aliyeketi naye kwenye gari la abiria, Noah ya kwenda Kwashemshi. Mimi niliyekaa nyuma yao, shati langu la mtumba ni elfu tatu.

"Huu mkono, bibi, hata kidole chako hakipiti. Nashona kwa sindano, siyo cherehani. Mteja wangu anawakusanya, anao sitini."

"Sisi utotoni tulivalisha magunzi. Vitambaa alitupa fundi Abraham, tukishamfagilia kibanda. Langu nililiacha kwa mama, kule Kerenge, siku niliyoolewa." Akanyoosha pindo la kile kigauni. "Bado ni ghali. Na gunzi ungelishonea kwa shilingi ngapi?"

Fundi hakucheka. Alimuuliza lilikuwa refu kiasi gani. Bibi alikuwa bado anapima kwa vidole gari liliposimama.