Libère Anafuta Jina Yake Kwenye Mashini

...basi, kama nilivyoanza kuwaambia kabla chai haijatukatiza, Mzee Libère Nzeyimana anastaafu, anatuacha tarehe 30 Septemba 1992. Miaka ishirini na sita ndani ya duka yetu ya piyesi, spea za gari, hapa Muhima! Aliingia akibeba makarton, sasa wajukuu iko nne, na ya tano iko njiani. Binti yake alinikataza kusema, lakini imenitoka.

Miaka yote hiyo, yeye peke yake alijua piyesi iko wapi. Dereva anaingia, anataka ile kitu inalia kule chini. Libère anapanda ngazi, anashuka nayo. Kitabu hana.

Mwaka jana patron, mwenye duka, akaleta kompyuta. Fundi mwenye tai akajaza majina ya Kifaransa na namba, akaenda zake. Wiki mbili hatukupata hata buji, ile plagi ya kuwasha injini! Mzee akakaa mbele ya ile mashini na miwani yake imefungwa na uzi, akaona kumbe programu haihitaji fundi. Unachora vijumba mwenyewe, unaandika kila kijumba inauliza nini, basi inakubali. Akachora vyake: Madereva wanaiitaje? Ya gari gani? Iko rafu gani? Uliza nani?

Tulipiga makofi. Ila kwenye Uliza nani, piyesi mia nne na kumi na mbili, zote aliandika Libère! Patron akamuuliza kama akienda Rebero kulima maharagwe, mashini nayo itapanda kilima imfuate. Mimi Mukagasana niliogopa sana. Niliachia shule darasa la tatu, nitashika vipi hii kaunta bila yeye?

Kesho yake akaanza. Kila asubuhi piyesi tano: anakuwekea mkononi, umefunga macho, useme ni nini na inakaa wapi. Ukikosea anakucheka mpaka anakohoa. Ukipata, anafuta jina yake, anaandika yako. Mwenzangu wa kaunta, Gahongayire, alipata feri zote, yaani breki, siku hizi hasalimii watu. Mimi pampu ya maji ya pikapu nilikosea mara saba. Mpaka jana ilibaki hiyo moja tu na jina ya mzee.

Asante, mzee wetu. Maharagwe yazae, magoti yapone, Mungu akupe na ng'ombe ya maziwa. Nilitaka pia kuwaambia siku ile aliponaswa kofia na... ngojeni, Gahongayire ananiita kwa kaunta. Kuna dereva anataka pampu ya maji ya pikapu, na mashini inasema uliza Mukagasana.