Marehemu Ebenezer Mlewa, Aliyetafuta Misitu Ndani ya Makaa ya Mawe

Wachungaji, masheikh, majirani na nyote mliofika hapa Mkonze, familia inaomba utulivu, tuwaeleze habari za mpendwa wetu kabla hatujamtoa nyumbani kwake.

Marehemu Ebenezer Mlewa alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kongwa, baba yake akiwa kibarua wa mashamba ya karanga, akasoma huko huko hadi darasa la nane mwaka 1964, kisha akajifunza ufundi wa maabara Dar es Salaam, na kuajiriwa katika maabara Dodoma mjini tarehe 1 Julai 1970. Alifunga ndoa na Anastazia tarehe 21 Septemba 1974, wakajaliwa Seth na Elieth.

Kazi yake ilikuwa kusaga makaa ya mawe, kuyaloweka katika dawa kali hadi yatoe mafuta, na kutafuta ndani ya mafuta hayo mabaki ya nta ya majani na utomvu wa miti, ili wataalamu wajue kama makaa yale yalitokana na msitu au na magugu ya ziwani, na mama yetu akilalamikia harufu ya shati lake, alimjibu kwamba huo ni msitu ambao hata Adamu hakuuona. Feni ya maabara ya kutoa nje mvuke wa dawa ile iliharibika mwaka 1988, fedha za matengenezo hazikuja, naye alikuwa akifunga madirisha, kwa sababu upepo wetu huleta vumbi la majani ya leo, likaingia kwenye mabaki ya kale na kuharibu vipimo, akauvuta mvuke ule hadi alipopunguzwa kazini tarehe 30 Juni 1993.

Novemba mwaka huo fizi zake zilianza kutoka damu, Elieth akaacha shule kidato cha pili ili amuuguze, na jirani yetu Bi Mwajabu akawa analeta uji kila asubuhi. Mtaani ikasemwa kwamba uji huo ndio unaomnyonya damu, na juzi baadhi ya ndugu zetu walimwambia asikanyage msibani, la sivyo watamwonyesha. Familia inasema wazi kwamba madaktari walipima damu, wakakuta saratani ya damu, na swali lao la kwanza lilikuwa kazini alivuta hewa gani. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 1995, saa nne asubuhi, baada ya kuuomba uji ule kwa kinywa chake mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi, na majirani wote. Bi Mwajabu amesimama nje ya ua, tunamwomba aingie, aketi jamvini kando ya mjane, na anayetaka kumzuia amzuie mbele ya mama yetu.

Baba, pumzika kwa amani, na jioni tutamsindikiza Bi Mwajabu hadi mlangoni kwake.