Mzee Torbjørn wa Shamba la Skarvedal, 1938–2024

Hayati Mzee Torbjørn alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la Skarvedal, magharibi ya Norwe, akiwa kifungua mimba wa Anders na Gyda. Alisoma miaka saba. Mwalimu alitaka aendelee. Baba yake akakataa, kwa sababu shamba lilimhitaji. Torbjørn hakulalamika, wala hakumsamehe yeyote aliyelalamika.

Alifuga kondoo maisha yake yote. Mwaka 1966 alimwoa Borghild, wakajaliwa Leiv na Ingunn. Mchungaji wa kanisa ameomba kisa cha kuchangamsha. Kipo. Mzee aliwatambua kondoo wake mia na arobaini kwa sura, mmoja mmoja. Siku aliyozaliwa Ingunn aliisahau kila mwaka.

Tarehe 14 Septemba 1987, baada ya mvua ya siku tatu, Leiv alisema, "Baba, huko juu kunateleza. Tungoje kesho."

"Wa kungoja ni mama yako," Mzee akamjibu. "Washa trekta."

Ingunn, wakati huo wa miaka kumi na sita, alisikia akiwa mlangoni. Trekta lilipinduka kabla ya saa nne. Leiv alikuwa na miaka kumi na tisa. Ukoo mzima umeiita ajali, na wasifu huu haubishi.

Miaka miwili baadaye Ingunn alipata nafasi ya kusomea uuguzi Bergen. Mzee alimfuata kituoni, akalishusha sanduku lake kutoka kwenye basi mbele ya abiria wote. "Nafasi ya Leiv haikai wazi," alisema. Ingunn akarudi. Borghild alifariki mwaka 2003, akiwa amekula na mumewe miaka kumi na sita bila kulitaja jina la mtoto wao mezani.

Mwaka 2021 Mzee alipooza upande wa kushoto. Ingunn alimlisha na kumwogesha. "Leiv asingenishika kwa nguvu hivi," Mzee alizoea kusema. Januari hii, akikunja shuka, Ingunn alimuuliza, "Kwa nini ulimtuma siku ile?"

"Baba angeniita mvivu."

"Babu alikuwa kaburini miaka kumi na miwili!"

"Najua," alisema, akalia. Ingunn hakumshika mkono. Aliendelea kukunja shuka. Mzee alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa tatu asubuhi.

Ameacha mdogo wake Sigurd, binti yake Ingunn, na mjukuu wake Maren, mtoto wa Ingunn. Jana, kwenye kahawa, Bwana Sigurd alimuuliza Maren, "Sasa wewe ndiye utakayelishika shamba, eh?"

Ingunn akamjibu, "Baba mdogo, kunywa kahawa yako."

Shamba halina mrithi. Kondoo wataondoka Jumatatu. Mzee aliomba azikwe kando ya Leiv, na Ingunn alichukua siku mbili kukubali.

Alale salama, na amwache mwanawe alale.