Munyi na Vidole Hamsini

Chini ya soko la Gakoromone, mjini Meru, palikuwa na benchi la mbao za muringa lililojua siri za watu kuliko kanisa lolote la mtaa ule. Burale aliliweka mbele ya duka lake akawauzia kahawa ya tangawizi wana wa wakulima wa kahawa, watu waliokulia kwenye mibuni bila kuwahi kuionja. Wenyewe walimwita Bibisi kwa sababu redio yake ya betri haikuzimwa. Benchi lilitengenezwa na Munyi, na Munyi hakuacha mtu asahau jambo hilo. Karakana yake ya useremala ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kijiweni alikuja siku ambazo umeme umekatika, na mwaka huo wa tisini na saba stima ilipotea karibu kila siku. Aliketi mwisho wa benchi, sikio la kulia likiwaelekea wenzake. La kushoto, lililoelekea karakana, lilikufa zamani kwa kelele za msumeno.

— Stima imepotea tena, alisema Alhamisi hiyo akiketi. Mimina, Bibisi. Leo saa tisa yule kijana wa Leba anarudi kunifungia.

Akatoa barua mfukoni. Wote waliijua, maana ilikuwa imezunguka kijiwe wiki tatu mpaka ikashika madoa ya kahawa. Ofisi ya Leba, ile ya serikali inayokagua mahali pa kazi, ilitaka vitu viwili: sanduku la dawa, na kifuniko juu ya meno ya msumeno. Sanduku Munyi alilinunua siku barua ilipofika. Kifuniko alikataa katakata. Sasa muda ulikuwa umefika, na bila kifuniko karakana ingepigwa kufuli.

— Si uweke tu hicho kifuniko, tuishi kwa amani, alisema Nelius, fundi wa nguo aliyeshonea pale verandani.

— Niweke? Mimi? Mama, hebu tazama.

Munyi aliinua mikono yake miwili, yenye vidole saba. Kijiweni jina lake lilikuwa Saba, na alilivaa kama medali.

— Hivi vitatu vilivyoenda ndio cheti changu. Fundi wa vidole kumi alisomea wapi? Huo msumeno tunajuana. Leo niuvishe kofia kama mtoto anapelekwa baridi ya Timau?

Benchi zima lilicheka. Gitari alikohoa kama hakimu. Alikuwa amefagia mahakama miaka kumi na minne, ndiyo maana wakamwita Wakili.

— Na hiyo barua ni bure kabisa. Sheria inasema kiwanda. Kiwanda ni kitu iko na chimni ya kutoa moshi. Saba, uko na chimni?

— Sina.

— Kesi imekwisha. Akija mwonyeshe paa.

— Na kama si kiwanda, ni nini? aliuliza Burale.

— Ni nyumba ya watu wanapenda kukaa karibu na mbao.

— Wewe Wakili husikii redio, alisema Burale, akipangusa kikombe. Hii maneno imetoka ng'ambo. Wafadhili wamesema hawapatii serikali kitu mpaka vidole vya raia vihesabiwe. Nchi zingine zimepeleka hesabu zamani. Kenya inaangushwa na Meru, na Meru inaangushwa na huyu hapa.

— Vidole vitatu viangushe serikali? aliuliza Munyi.

— Kwani ulifikiri inayumba kwa sababu gani?

Wakili hakutaka kupitwa.

— Basi dawa ni moja. Saba, andikisha wafanyakazi wote kama ndugu zako. Ndugu akikatwa kwa ndugu, hiyo si ya Leba tena. Inaenda kwa wazee wa Njuri, baraza letu la kimila, wanakupiga faini ya mbuzi, tunakula nyama, kazi inaendelea!

Cherehani ya Nelius ilinyamaza.

— Chekeni tu, alisema. Mimi nilifanya kazi shamba moja la maua huko Timau, miaka miwili. Maua yalijengewa nyumba ya plastiki yasipigwe na baridi. Sisi tulipuliziwa dawa pamoja nayo. Siku niliuliza glavu, nikaambiwa wanaotaka kazi yangu wamejaa getini. Nilitoka huko na hii cherehani na hiki kifua kinanisumbua. Leo ofisi imetuma mtu wa kuuliza glavu iko wapi, na nyinyi mnamtafutia chimni.

— Lakini mama, alisema Wakili kwa upole, shamba kubwa lina uwezo. Saba ni mtu mdogo. Akifuata kila karatasi, leseni ya baraza la mji, ya afya, ya kibao cha mlangoni, mbao atapasua saa ngapi?

— Kidole kikikatwa kwa mtu mdogo hakiumi?

Munyi alitazama ndani ya kikombe. Kidole kilimuuma hata leo, mahali ambapo hakikuwepo. Viwili vilienda katika kiwanda cha mbao cha mtu mwingine, upande wa Embu. Tajiri alimpa pakiti ya unga na kumwambia asirudi. Cha tatu kilienda hapa kwake, wiki ya kwanza ya kufungua. Siku hiyo, kitambaa kikiwa kimelowa damu, aliapa kiapo ambacho kijiwe hakikuwahi kukisikia.

— Sasa mnisikize, alisema, na sauti yake ilibadilika. Niko na mafundi watano. Miaka tisa. Vidole vyao ni hamsini, na vyote viko. Mnajua kwa nini? Huo msumeno naushika mimi peke yangu. Kila ubao unapita kwa hii mikono. Wao ni randa, msasa na misumari. Mtu wa Leba anatafuta kifuniko? Kifuniko ni mimi!

Kifua kilimjaa. Hata Nelius aliitikia kwa kichwa, na Burale akammiminia kikombe cha heshima.

Mwisho mwingine wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Hamda, mfanyabiashara kutoka mji wa Maua aliyengoja mzigo wake upakiwe. Aliweka kikombe chini.

— Samahani, wazee, mimi ni mgeni. Mwenye kushika msumeno ni huyu peke yake, na yuko hapa anakunywa kahawa. Ule unaolia huko ng'ambo, anaushika nani?

Burale alizima redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walikuwa wameisikia sauti ile miaka tisa mpaka wakaacha kuisikia. Munyi aligeuza kichwa, akaliweka sikio zima upande wa karakana. Ulikuwa ukilia kweli, ule mlio mwembamba wa meno yakiingia kwenye muringa.

Hakumbuki alivyovuka barabara.

Kwenye msumeno alisimama Igoki, mmoja wa mafundi wake, binti aliyetoka Kianjokoma, akisukuma ubao kwa kijiti. Juu ya meno palikuwa na kifuniko kilichokatwa kutoka bati la wilbaro ya kubebea mchanga, kingo zake zikiwa zimepigwa tupa zikalainika. Alipomwona Munyi alizima mashine.

— Hiyo ni nini?

— Ni kifuniko, Mzee.

Munyi alikigusa. Pale pa kukinyanyulia rangi ilikuwa imeisha kwa kushikwashikwa. Hakikuwa kitu cha leo.

— Tangu lini?

— Tangu mwaka jana. Ukienda kahawa tunakiweka, ukikaribia tunakificha chini ya vumbi la mbao. Leo tuliambiana kisitoke, mtu wa Leba akikute.

— Na stima ilirudi saa ngapi?

Mafundi wanne walitazama chini. Igoki hakutazama chini.

— Haikupotea, Mzee. Huwa tunazima swichi kubwa, ukishavuka barabara tunaiwasha. Kazi ya watu ilikuwa inachelewa, na mkono wako ulikuwa umeanza kutetemeka.

Hasira ilimpanda Munyi.

— Niliwakataza!

— Ulitukataza kukatwa, Mzee. Hatujakatwa.

Munyi aliwageukia wote watano.

— Nyoosheni mikono.

Waliinyoosha. Aliwapitia mmoja mmoja, akigusa kila kidole kama mtu asiyeamini macho yake, akahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Aliona aibu, maana mwaka mzima alikuwa amejisifia kazi ya watu wengine. Na bado, tangu aanze useremala, hakuwahi kujivunia kitu kama alivyowajivunia hao watano.

Saa tisa kijana wa Leba alifika. Alikagua sanduku, akainama kwenye msumeno, akainua kifuniko na kukishusha mara mbili.

— Kazi safi. Umefanya wewe, Mzee?

— Hapana, alisema Munyi kwa sauti iliyofika mpaka kijiweni. Ni mafundi wangu. Andika majina yao yote, na uanze na Igoki.

Kijana alipoondoka, Munyi alivua koti akachukua ubao.

— Haya, mwalimu. Hicho kijiti kinashikwa namna gani?

Akasimama upande wa kushoto wa Igoki, ili sikio lake zima liwe karibu naye.