Tumbo la Strungi na Kibuyu cha Saboti

Pale Kibomet, mbele ya duka la Gachanja la spea za baiskeli, kuna benchi, na birika la kahawa likishatua hapo hakuna jambo lisilojadiliwa. Asubuhi hiyo Wabwile hakugusa kahawa. Maziwa yamemsokota tumbo tangu utotoni, hata akaitwa Strungi kwa kunywa chai ya rangi maisha yake yote. Lakini leo alishika kikombe kizima cha maziwa freshi. Jumamosi angeenda Saboti kuposa, na mzee Kibiwott, baba wa binti, angempa kibuyu cha mursik, maziwa ya jadi ya Wakalenjin, mbele ya watu. Kukikataa ni kumkataa binti. Basi wiki tatu amekuwa akilifunza tumbo: kijiko, vijiko vitatu, nusu kikombe.

— Strungi, jana ilikuwaje? aliuliza Gachanja.

— Nusu kikombe na ugali, likanguruma tu. Juzi bila ugali, nililala nimejikunja.

— Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, bana! Tumbo ni mtoto wa nasari. Alianza na a, e, i. Atafika.

— Wapi! alidakia Kizito, fundi wa viatu. Shida ni kubadilisha ng'ombe. Leo wa Kibomet, kesho wa Tongaren. Tumbo limzoee yupi?

— Ati tumbo linajua ng'ombe? aliuliza Gachanja.

— Kwani wewe humjui mama yako? Aende Saboti leo, amsalimie ng'ombe wa mzee kwa jina.

— Na alale zizini, Gachanja akaongeza. Maziwa yakiingia yaseme, kumbe ni wewe!

Wabwile hakucheka. Alifumba macho, akapiga funda moja.

Hapo akaja Nyaguthii, yaani Mama Ciru, muuza maziwa wa ng'ambo ya barabara, kufuata kikombe chake. Walipomweleza, alishangaa.

— Si mursik ni maziwa lala, yaliyokwisha kuchacha, wala si haya freshi?

— Ndiyo, Mama Ciru.

— Na mursik ilikusumbua lini?

Wabwile alihesabu kwa vidole. Harusini Tongaren alikimbia. Kwa rafiki yake Kipkemei alisingizia jino. Kila kibuyu kilipofika, yeye alikikwepa kabla ya kuonja. Alimtazama Gachanja, Gachanja akamtazama Kizito, Kizito akachungulia birika. Tupu.

— Mama Ciru, alisema Wabwile polepole, mursik unayo? Nipe kijiko kimoja.

— Jumamosi ni keshokutwa, Kizito alimkumbusha.

— Basi nipe viwili.